Kutoka Uhuru hadi Uhura: Jina la Kiswahili, Mwigizaji Mweusi na Suala la Uwakilishi

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo kati ya jina la Kiswahili na nafasi ya mwigizaji Mweusi katika sanaa za maonyesho za Marekani. Mfano mkuu ni mhusika Uhura katika mfululizo wa televisheni uitwao Star Trek (1966–1969), pamoja na tafakuri za mwigizaji wake, Nichelle Nichols (1932–2022), ambaye alikulia jukwaani kabla ya kuingia studio na ambaye nusura aiache kamera ili arudi jukwaani. Makala inapendekeza ngazi tatu za kupimia uwakilishi: kuwapo, kutajwa na kusema. Inaonyesha kwamba Uhura alipewa ngazi mbili za kwanza na kunyimwa sehemu kubwa ya ile ya tatu, na kwamba Kiswahili chenyewe kilipata hali hiyohiyo katika kazi hiyo. Mofolojia ya jina Uhura inalinganishwa na matumizi ya jina Rafiki katika The Lion King, na tafakuri za Nichols zinawekwa karibu na tamthilia ya Alice Childress, Trouble in Mind (1955). Makala inahitimisha kwa kupendekeza maswali ambayo mtafiti wa Kiswahili anaweza kuyauliza kila anapoiona lugha hii kwenye majukwaa ya kigeni.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili nje ya Afrika Mashariki aghalabu huanza kwa hesabu. Huhesabiwa vyuo vinavyokifundisha, redio zinazokitangaza, na filamu ambamo neno lake moja au mawili yamesikika. Hesabu hizo zina faida yake, kwani huonyesha kuenea. Hata hivyo, hazijibu swali ambalo wanafasihi hulazimika kuliuliza: lugha hiyo inapopewa nafasi katika kazi ya sanaa, inapewa kufanya nini?

Swali hilo linafanana sana na swali ambalo waigizaji Weusi wa Marekani wamelijadili kwa miongo mingi. Kwao, kuonekana jukwaani au kwenye kioo cha televisheni hakukuwa tatizo pekee. Wahusika Weusi walikuwapo tangu zamani, wakiwa watumishi, wachekeshaji na watu wa kupita nyuma ya wahusika wakuu. Tatizo lilikuwa kile ambacho mhusika huyo aliruhusiwa kusema na kuamua mara baada ya kuonekana.

Tarehe 8 Septemba 1966 maswali haya mawili yalikutana katika mtu mmoja. Siku hiyo televisheni ya NBC ilianza kuonyesha Star Trek, kazi iliyobuniwa na Gene Roddenberry kuhusu safari za chombo cha anga katika karne zijazo. Miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo Luteni Uhura, mwanamke Mweusi, mwenye asili ya Afrika, msimamizi wa mawasiliano. Jina lake lilitokana na neno la Kiswahili. Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa Nichelle Nichols, mwimbaji, mcheza dansi na mwigizaji wa jukwaani kutoka jimbo la Illinois.

Makala hii inatumia ngazi tatu kuchambua mkutano huo. Ngazi ya kwanza ni kuwapo, yaani mhusika au lugha kuonekana na kusikika. Ya pili ni kutajwa, yaani kupewa jina lenye asili na maana. Ya tatu ni kusema, yaani kupewa maneno yanayobadilisha mwendo wa kisa. Mtu anaweza kupewa ngazi ya kwanza na ya pili bila kufika ya tatu, na sehemu zifuatazo zinaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na jinsi mwigizaji mwenyewe alivyoifikiria.

2.0 Jina na mofolojia yake

2.1 Asili ya jina

Kwa maelezo ya Nichols, aliyoyatoa mara nyingi na kuyaandika katika tawasifu yake Beyond Uhura (1994), siku alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru (1962). Riwaya hiyo inahusu Kenya ya miaka ya mwisho ya ukoloni, na mtazamo wake umeelemea upande wa walowezi. Neno lililo kwenye jalada lilimvutia Roddenberry, ambaye alitaka kulitumia kuwa jina la mhusika. Kwa maelezo hayohayo, Nichols ndiye aliyependekeza irabu ya mwisho ibadilishwe ili jina lisikike laini zaidi na lifae kwa mwanamke. Ndivyo Uhuru lilivyogeuka Uhura.

Chaguo hilo halikutokea katika ombwe. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwezi Desemba 1961, Uganda 1962, na Kenya Desemba 1963. Neno uhuru lilikuwa limesikika katika habari za dunia kiasi kwamba mwandishi wa Kimarekani aliweza kuliweka kwenye jalada bila kulitafsiri. Miongoni mwa Wamarekani Weusi, Kiswahili kilikuwa kinaanza kuchukuliwa kuwa lugha ya kujitambulisha na Afrika nzima, kwa kuwa hakikufungwa kwenye kabila moja. Mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa huko California, yenye nguzo saba zilizopewa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

2.2 Uchambuzi wa kimofolojia

Mzizi wa neno uhuru unatokana na Kiarabu ḥurr, chenye maana ya mtu asiye mtumwa. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili lilikutana na kanuni ya silabi wazi. Kwa kuwa maneno yenye asili ya Kibantu hayaishii kwa konsonanti, irabu iliongezwa mwishoni, na irabu iliyoongezwa inafanana na ile iliyotangulia. Hivyo likapatikana huru. Kivumishi hiki ni miongoni mwa vile visivyobeba kiambishi cha upatanisho: husemwa mtu huru, watu huru, nchi huru. Kiambishi awali u- cha nomino dhahania kilipopachikwa, ikapatikana nomino uhuru, kwa utaratibu uleule unaozalisha usafi kutokana na safi, au uhodari kutokana na hodari.

Kutokana na maelezo hayo, irabu -u ya mwisho si mofimu. Haibebi jinsi, idadi wala nafsi. Kazi yake ni ya kifonolojia, yaani kuifunga silabi kwa namna inayokubalika katika Kiswahili. Kuibadilisha kuwa -a ili kuashiria uanamke ni kuipa kazi ambayo haikuwa nayo. Kazi hiyo inatoka katika lugha nyingine: katika Kilatini, Kiitalia na Kihispania, -a mwishoni mwa nomino nyingi huashiria jinsi ya kike, na majina ya watu katika Kiingereza yamerithi mazoea hayo.

Kiswahili hakina jinsi ya kisarufi ya namna hiyo. Kiishio -a mwishoni mwa shina ni cha kawaida katika kitenzi, na katika majina ya watu hakimwambii msikilizaji kama mwenye jina ni mwanamume au mwanamke. Juma, Musa na Hamza ni majina ya wanaume. Rehema, Neema na Subira ni ya wanawake. Majina mengi yanayotokana na nomino dhahania, kama vile Furaha, Bahati, Riziki na Tumaini, hupewa watoto wa jinsi zote mbili. Jina Uhuru nalo hupewa watu, na mfano unaojulikana zaidi ni Uhuru Kenyatta, rais wa zamani wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1961. Hakuna kanuni ya Kiswahili ambayo ingemzuia mtoto wa kike kuitwa hivyohivyo.

Kwa hiyo Uhura ni neno la Kiswahili lililopewa mwisho wa Kizungu ili lipokelewe na masikio ya watazamaji waliokusudiwa. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuita badiliko hilo upotoshaji. Hata hivyo, maelezo ya Nichols yanalizuia hitimisho hilo la haraka. Ikiwa ndiye aliyelipendekeza badiliko, basi mwigizaji Mweusi, ambaye kwa kawaida alikabidhiwa mhusika aliyekwisha kuundwa na wengine, alishiriki kumpa jina mhusika wake. Kisarufi, jina lilisogea mbali na Kiswahili; kiuandishi, lilisogea karibu na mwigizaji. Mambo hayo mawili yalitokea pamoja, na mchambuzi hana budi kuyashika yote.

2.3 Ulinganisho na jina Rafiki

Mfano wa baadaye unasaidia kuonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo. Katika filamu ya katuni The Lion King (1994), mhusika Rafiki ni dume, na sauti yake ilitolewa na mwigizaji Robert Guillaume. Kazi hiyo ilipohamishiwa kwenye jukwaa la Broadway mwaka 1997, mwongozaji Julie Taymor alimgeuza Rafiki kuwa wa kike, na nafasi hiyo ikaigizwa na Tsidii Le Loka, msanii kutoka Afrika Kusini. Mhusika alibadilika jinsi, lakini jina halikuguswa. Nomino rafiki haina jinsi, na watayarishaji hawakuona haja ya kuipachika.

Kwa upande wa usemaji, tofauti ni kubwa zaidi. Rafiki wa jukwaani ndiye anayefungua onyesho kwa wito, na nyimbo na miito ya lugha za Kiafrika, hasa Kizulu, zinabebwa na waimbaji bila kufasiriwa kwa hadhira. Lugha hizo zimepewa kazi ya kuanzisha kisa. Ndani ya miongo mitatu, tendo la kumpa mhusika jina la Kiswahili lilikuwa limebadilika kutoka kulirekebisha jina hadi kuliacha lilivyo.

3.0 Jukwaa kabla ya kamera

Ili kuelewa kwa nini Nichols alitaka kumwacha Uhura, ni lazima kuangalia alikotoka. Alizaliwa Robbins, mji wa watu Weusi ulio karibu na Chicago, tarehe 28 Desemba 1932. Alijifunza dansi na uimbaji akiwa mdogo, na baadaye akazunguka na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Jukwaani alishiriki katika Carmen Jones na Porgy and Bess, na mwaka 1961 aliigiza katika Kicks and Co., mchezo wa muziki wa Oscar Brown Jr. ulioonyeshwa Chicago. Mchezo huo haukudumu, lakini ulimtambulisha kuwa mwigizaji na si mwimbaji tu.

Kazi nyingine ya jukwaani inastahili kuangaliwa kwa karibu. Nichols aliigiza pia katika The Blacks, tamthilia ya mwandishi Mfaransa Jean Genet. Katika tamthilia hiyo, waigizaji Weusi, baadhi yao wakiwa wamevaa vinyago vya Wazungu, wanaigiza kisa cha mauaji mbele ya baraza la kifalme. Wanachoigiza hasa ni picha ya Mweusi iliyomo kichwani mwa mtazamaji Mzungu. Mwigizaji aliyepitia kazi kama hiyo alijua tofauti kati ya kuigiza mtu na kuigiza matarajio ya hadhira, na alijua pia kwamba jukwaa linaweza kuifanya tofauti hiyo kuwa mada ya onyesho lenyewe.

Televisheni ya wakati ule haikuwa na nafasi kubwa kwa mada hiyo. Mwaka 1964 Nichols aliigiza katika sehemu moja ya The Lieutenant, mfululizo wa awali wa Roddenberry kuhusu wanajeshi wa majini. Sehemu hiyo, iliyozungumzia wazi ubaguzi wa rangi, haikurushwa hewani na NBC. Yapo mafunzo mawili katika tukio hilo. La kwanza ni kwamba suala la rangi lilipotamkwa waziwazi, kazi ilizuiwa. La pili ni kwamba miaka miwili baadaye mwigizaji huyohuyo alionekana kila wiki kwenye televisheni hiyohiyo, akiwa katika hadithi ya wakati ujao ambamo ubaguzi wa rangi ulichukuliwa kuwa umekwisha na hivyo haukuhitaji kutajwa. Wakati ujao ulimruhusu mwigizaji kuwapo, na papo hapo ukamwondolea sababu ya kulisemea jambo ambalo nje ya studio lilikuwa halijakwisha.

4.0 Uamuzi wa mwaka 1967

4.1 Nafasi iliyopungua

Katika tawasifu yake, Nichols anaeleza kwamba Uhura aliyezungumziwa mwanzoni alikuwa mkubwa kuliko aliyefika kwa watazamaji. Maneno ya mhusika yalipunguzwa muswada hadi muswada, mara nyingi yakabaki yale ya kutangaza kwamba mawasiliano yako wazi. Anaeleza pia kwamba alilipwa kwa siku alizofanya kazi, bila mkataba waliokuwa nao wenzake, na kwamba barua nyingi za watazamaji hazikumfikia. Kejeli iliyomo haihitaji ufafanuzi mrefu: mhusika ambaye kazi yake chomboni ilikuwa kuwasiliana ndiye aliyebaki na machache ya kusema.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza alimkabidhi Roddenberry barua ya kujiuzulu. Ndoto yake ya tangu mwanzo ilikuwa jukwaa la Broadway, ambako mwigizaji hukutana na hadhira uso kwa uso na ambako maneno yake, yakishakubaliwa katika mazoezi, hayakatwi na mhariri usiku wa manane. Kwa mwigizaji wa aina yake, kurudi jukwaani kulikuwa kurudi nyumbani.

4.2 Hoja ya King

Siku chache baadaye, katika hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, Nichols alikutana na Martin Luther King Jr. Maelezo ya mazungumzo hayo yanatoka kwa Nichols mwenyewe. King alimwambia kwamba yeye na familia yake walikuwa wakiitazama Star Trek, na aliposikia kwamba Nichols anaondoka, akamsihi abaki. Hoja yake ilikuwa kwamba nafasi ile haikuwa ya mtumishi wala haikuandikwa kwa ajili ya mtu Mweusi kwa mujibu wa mazoea. Ilionyesha mtu mwenye akili na cheo, na mtu kama huyo akiondoka, kiti chake kingeweza kukaliwa na yeyote. Nichols alirudi kazini na kuiondoa barua yake.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi usio na doa. Tafakuri za Nichols zina uzito zaidi ya hapo. Hakusema kwamba King alimshawishi kuwa nafasi ile ilitosha. Alibaki akijua kwamba haikutosha, na maelezo yake ya baadaye hayakuacha kutaja maneno yaliyokatwa. Alichokubali ni kwamba thamani ya kuonekana haiko mikononi mwa anayeonekana peke yake, kwani hupimwa pia na watazamaji ambao mwigizaji hatawajua kamwe. Kwa maneno mengine, alizitenga ngazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: kuwapo kwake kulikuwa na faida kwa wengine hata pale ambapo kutosema kwake kulikuwa hasara kwa sanaa yake.

Hata sehemu inayokumbukwa zaidi inathibitisha hilo. Katika Plato's Stepchildren, iliyorushwa tarehe 22 Novemba 1968, Uhura na Nahodha Kirk wanabusiana, jambo lililokuwa nadra sana kwenye televisheni ya Marekani kati ya Mweusi na Mzungu. Ndani ya kisa, hata hivyo, wahusika hao wawili wanatawaliwa na viumbe wenye uwezo wa kuwaendesha miili. Tukio la kihistoria liliandikwa kwa namna ambayo hakuna mhusika aliyelichagua.

4.3 Njia nyingine: Childress na Teer

Uamuzi wa Nichols unaeleweka vizuri zaidi ukiwekwa kando ya majibu mengine ya zama zile. Alice Childress (aliyefariki mwaka 1994) alianza kama mwigizaji katika American Negro Theatre huko Harlem kabla ya kuwa mwandishi. Tamthilia yake Trouble in Mind ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1955 katika Greenwich Mews Theatre, New York. Mhusika mkuu, Wiletta Mayer, ni mwigizaji Mweusi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Mwanzoni anamfundisha kijana mgeni namna ya kuwafurahisha wakubwa wa jukwaa: cheka wanapocheka, kubali wanaposema. Katika mazoezi ya tamthilia inayojidai kupinga mauaji ya watu Weusi mikononi mwa magenge, Wiletta anatakiwa kuigiza mama anayemwachia mwanawe aende mahali atakapouawa. Kadiri mwongozaji Mzungu anavyomtaka atafute ukweli wa hisia, ndivyo anavyoona kwamba hakuna ukweli hapo, kwani mama wa aina hiyo hamjui. Hatimaye anahoji muswada wenyewe.

Kilichompata mwandishi kilifanana na kilichomo katika kazi yake. Tamthilia ilipopangwa kupelekwa Broadway mwaka 1957, watayarishaji walitaka mabadiliko ambayo Childress hakuyakubali, na mpango ukavunjika. Trouble in Mind ilifika Broadway mwaka 2021, miaka 27 baada ya kifo chake.

Jibu la tatu lilitoka kwa Barbara Ann Teer. Baada ya kuchoshwa na nafasi finyu alizopewa kama mwigizaji, aliachana na njia hiyo na mwaka 1968 akaanzisha National Black Theatre huko Harlem. Nichols alibaki ndani na kudai. Childress alikataa kubadilisha maneno yake na akalipa gharama ya kusubiri. Teer alijenga jukwaa lake. Haiwezekani kusema ni nani kati yao alikuwa sahihi bila kutaja ni ngazi gani ya uwakilishi inayopimwa. Kwa kipimo cha kuwapo, Nichols aliwafikia watu wengi zaidi. Kwa kipimo cha kusema, Childress na Teer walilinda kile ambacho yeye alipunguziwa.

5.0 Kiswahili kama mhusika

Lugha yenyewe ilipitia ngazi hizohizo. Kiswahili kinasikika katika Star Trek ya awali mara chache, na mifano miwili inatosha. Katika The Man Trap, sehemu iliyofungua mfululizo, kiumbe mwenye uwezo wa kubadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya kijana Mweusi aliyeumbwa kutokana na mawazo ya Uhura mwenyewe. Wanabadilishana maneno machache ya Kiswahili. Katika The Changeling, iliyorushwa Septemba 1967, mashine inafuta kumbukumbu za Uhura, naye analazimika kufundishwa upya. Somo ni la Kiingereza, lakini katikati ya somo Kiswahili kinamtoka.

Mifano hii ina jambo moja linalofanana. Katika wa kwanza, Kiswahili ni chambo: kiumbe anaitumia lugha hiyo kwa sababu ameona kwamba ndiyo inayogusa upweke wa Uhura. Katika wa pili, ni mabaki ya yale yaliyomo ndani ya mtu baada ya elimu yake kufutwa. Kote kuwili ni lugha ya moyo na ya nyumbani. Haitumiki kutoa amri, kueleza jambo la kitaalamu wala kutatua tatizo. Mhusika ambaye ni mtaalamu wa mawasiliano anatumia Kiswahili pale tu ambapo kazi yake imesimama.

Picha hiyo ilitofautiana waziwazi na hali ya Kiswahili nyumbani katika miaka ileile. Mwaka 1967 Tanzania ilielekeza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Jukwaani, Julius Nyerere alikuwa ameshaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mwaka huo wa 1969 ndipo pia ilipotoka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambamo viongozi wanabishana kwa Kiswahili kuhusu vita, imani na gharama ya neno likishatamkwa. Wakati lugha hii ikibeba siasa na falsafa kwenye majukwaa ya Dar es Salaam, kwenye kioo cha Marekani ilikuwa ikinong'ona.

Ulinganisho huu haulengi kuwalaumu waandishi wa televisheni kwa kutoijua tamthilia ya Kiswahili. Unaonyesha kwamba uchache wa usemaji haukutokana na upungufu wa lugha. Vivyo hivyo, uchache wa maneno ya Uhura haukutokana na upungufu wa mwigizaji, ambaye alikuwa ameshabeba nafasi nzito jukwaani. Katika hali zote mbili, kilichopungua ni nafasi iliyotolewa.

6.0 Nyota: mwendelezo wa jina na wa tafakuri

Jina la kwanza la Uhura halikutajwa katika mfululizo wa awali. Nyota lilianza kutumika katika vitabu vilivyofuata na likatamkwa rasmi katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Uhura aliigizwa na Zoe Saldaña. Safari hii neno lilichukuliwa kama lilivyo, nomino ya ngeli ya I-ZI isiyo na jinsi, ambayo wazazi Waswahili huwapa watoto wao bila kubadilisha irabu. Katika jina kamili la mhusika, basi, zimekaa pamoja historia mbili za ukopaji: nyota, iliyoachwa salama, na uhura, iliyorekebishwa.

Nichols naye aliendelea kuitumia nafasi yake nje ya maonyesho. Mwaka 1977 alishirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwahamasisha wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa waombe kazi ya uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na wanawake na Wamarekani Weusi wa kwanza kuteuliwa na shirika hilo kwenda angani, wakiwamo Sally Ride na Guion Bluford. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani mwaka 1992, alimtaja Uhura kuwa miongoni mwa waliompa hamasa. Mhusika aliyepunguziwa maneno aliishia kuwa hoja katika kinywa cha mwigizaji wake: maneno ambayo hakupewa katika muswada aliyasema kwa sauti yake mwenyewe.

Mwaka 2022, mwaka aliofariki Nichols, mfululizo mpya wa Star Trek: Strange New Worlds ulimleta Uhura akiwa kijana mwanafunzi, mwenyeji wa Kenya. Anayemwigiza ni Celia Rose Gooding, aliyejulikana kwanza kwenye jukwaa la Broadway katika mchezo wa muziki Jagged Little Pill. Gooding ni mtoto wa LaChanze, mwigizaji aliyebeba nafasi ya Wiletta Mayer pale Trouble in Mind ilipofika Broadway mwaka 2021. Katika familia moja, basi, mama alisema maneno ambayo Childress alikataa kuyabadilisha, na mtoto akachukua nafasi ambayo Nichols alikataa kuiacha. Safari hii, ujuzi wa lugha wa Uhura umewekwa katikati ya kisa, na mara kadhaa usalama wa wenzake unategemea jambo analoling'amua na kulisema yeye.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba uwakilishi una ngazi zinazoweza kutenganishwa. Mhusika Uhura alikuwapo, na alikuwa na jina lenye historia. Alichopewa kwa uchache ni usemaji. Uchambuzi wa jina lake umeonyesha kwamba irabu moja inaweza kubeba mvutano mzima: kati ya sarufi ya lugha iliyokopwa na masikio ya waliokopa, na kati ya mwigizaji kupokea nafasi na kushiriki kuiunda.

Tafakuri za Nichols zinamfaa mtafiti wa Kiswahili kwa sababu hazikuchagua upande mmoja. Alitambua faida ya kuonekana bila kuficha hasara ya kunyamazishwa. Msimamo huo unaweza kuhamishiwa kwenye lugha. Neno la Kiswahili linaposikika katika filamu, mchezo wa jukwaani au mfululizo wa kigeni, kuna sababu ya kufurahi, na kuna maswali matatu ya kuulizwa baada ya furaha hiyo. Je, neno limekuja na sarufi yake, au limevalishwa sarufi ya mwenyeji? Anayelitamka ana mamlaka gani katika kisa? Na lau Kiswahili kingeondolewa katika kazi hiyo, je, kisa kingebadilika au kingeendelea kama kawaida? Swali la mwisho ndilo gumu zaidi, na kwa kazi nyingi zinazotajwa kuwa ushahidi wa kukua kwa Kiswahili duniani, bado halijaulizwa.